Mvinyo Mzito wa California: Unywe Leo au Uulaze?

Sheria ya Marekani iko wazi: ukitaka jina la zabibu lisomeke kwenye chupa, angalau asilimia 75 ya mvinyo uliomo itokane na zabibu hiyo. Ikipungua hapo, tafuta jina jingine. Kampuni ya Ridge imekuwa ikitengeneza mvinyo mwekundu uitwao Geyserville tangu mwaka 1966, na jina hilo ni la mji mdogo wa Bonde la Alexander, Kaunti ya Sonoma, kaskazini mwa San Francisco. Zabibu inayotawala humo ni Zinfandel, lakini miaka mingi haifiki hizo robo tatu. Sehemu iliyobaki huwa ni Carignane na Petite Sirah, pengine na Mataro au Alicante Bouschet kidogo. Ridge hawafichi kitu. Hesabu ya kila zabibu huchapwa kwenye lebo, na kuanzia mavuno ya 2011 wanaorodhesha hata vitu vilivyotiwa wakati wa kutengeneza, jambo ambalo wenzao wengi hawataki hata kulisikia.

Mchanganyiko huo ulianzia shambani, kabla hata ya kufika kwenye mapipa. Kuna kipande cha shamba kiitwacho Old Patch, chenye mizabibu iliyopandwa miaka ya 1880, na humo aina mbalimbali zimesimama bega kwa bega katika mstari mmoja. Mgeni anaweza kudhani aliyepanda hakujua anachofanya. Alijua sana. Zinfandel ina tabia ya kuiva kwa mafungu: katika kichala kimoja utakuta punje zilizokwisha kunyauka na nyingine bado zina ukijani. Ina harufu ya kuvutia na utamu tele, lakini rangi yake haiaminiki. Petite Sirah, kinyume chake, ina punje ndogo na ganda jingi, rangi nzito ya kukaribia weusi, na tanini ya kukaza midomo. Carignane hubaki na uchachu wake hata jua likiwa kali. Alicante Bouschet ni nyekundu hadi ndani ya nyama, kwa hiyo kidogo tu chatosha kukoza tangi zima. Wakulima wa zamani, wengi wao wahamiaji kutoka Italia, walivuna vyote pamoja na kuvichachua pamoja. Hawakuwa na maabara. Mwaka ambao aina moja iliharibika, nyingine iliwaokoa.

Kilichoyanusuru mashamba ya namna hii, ajabu yake, ni marufuku ya pombe. Kati ya 1920 na 1933 Marekani ilipiga marufuku kuuza pombe, lakini sheria iliacha mwanya kwa familia kutengeneza juisi ya matunda nyumbani, na kila mtu alijua juisi hiyo ingeishia kuwa nini. Zabibu zikasafirishwa kwa treni hadi Chicago na New York. Alicante ndiyo iliyopendwa zaidi, kwa kuwa ganda lake lilistahimili safari na rangi yake iliweza kurefushwa kwa maji na sukari. Zinfandel na Petite Sirah nazo zilipata wateja. Hivyo mizabibu mingi iliyostahili kung'olewa ikaachwa isimame, na leo ndiyo hiyo watu wanapigania kununua mavuno yake.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwa hakika Zinfandel ilikotoka. Mwaka 2001 Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akishirikiana na wanasayansi wa Croatia Ivan Pejić na Edi Maletić, alithibitisha kwa vinasaba kuwa ni zabibu ileile iitwayo Crljenak Kaštelanski katika pwani ya Dalmatia, na ndiyo hiyohiyo Primitivo ya kusini mwa Italia. Petite Sirah nayo ikabainika kuwa ni Durif, mtoto wa Syrah na zabibu hafifu ya Kifaransa iitwayo Peloursin. Ufaransa karibu wameisahau.

Si kila mchanganyiko wa California umetokana na mashamba hayo. Katika Bonde la Napa, Joseph Phelps alitoa Insignia ya mwaka 1974 kwa kufuata desturi ya Bordeaux: Cabernet Sauvignon ikisindikizwa na ndugu zake kama Merlot, na uwiano ukibadilika kulingana na mwaka. Robert Mondavi na Baron Philippe de Rothschild wakafuata na Opus One, mavuno ya kwanza yakiwa ya 1979. Hayo ndiyo majina ya wenye fedha. Njia ya tatu ilifunguliwa na Dave Phinney kwa mvinyo aliouita The Prisoner, mavuno ya kwanza 2000, akichanganya Zinfandel, Cabernet, Petite Sirah, Syrah na Charbono bila kujali ukoo wa mtu. Ulikuwa mtamu wa matunda, mwororo, mzito, na ulinyweka siku hiyohiyo uliponunuliwa. Soko likaupenda mno, na rafu za maduka zikajaa waigaji wake. Baadhi ya hao waigaji, niseme wazi, ni sharubati yenye kilevi. Huachiwa sukari makusudi, na wengine huongezewa juisi nzito ya zabibu ya Rubired ili rangi na utamu vikolee. Sheria inaruhusu. Ulimi nao haukatazwi kulalamika.

Uzito wa mivinyo hii yote una asili moja. Majira ya joto California hayana mvua, au karibu hayana, kwa hiyo mkulima haogopi kuoza na anaweza kuacha zabibu zining'inie hadi sukari ipande anavyotaka. Sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Kinachozuia zabibu zisigeuke jemu ni bahari ya Pasifiki, ambayo maji yake ni baridi mwaka mzima. Usiku na alfajiri ukungu hupenya kwenye mabonde, joto hushuka sana, na uchachu wa zabibu haumalizwi upesi. Mwaka ambao mchana ni moto na usiku ni moto vilevile, mvinyo huwa mnene bila mfupa.

Miaka ya 1970 mvinyo mwekundu wa Napa ulikuwa na kilevi cha asilimia 12 au 13. Siku hizi 14.5 ni kawaida na 15.5 haishangazi. Joto la dunia lina mkono wake hapo, lakini ladha ya wakosoaji ina mkono mkubwa zaidi. Robert Parker na mfumo wake wa alama hadi 100 waliwazoesha watengenezaji kwamba ukubwa hulipa. Na usiiamini sana namba iliyo kwenye lebo: kwa mivinyo inayozidi asilimia 14, sheria ya Marekani inaruhusu tofauti ya hadi asilimia moja juu au chini. Chupa iliyoandikwa 14.5 inaweza kuwa na 15.4 ndani yake na mwenyewe asiwe amevunja sheria.

Sasa tuje kwenye glasi, na kwanza kwenye joto. Usemi kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulizaliwa katika nyumba za mawe za Ulaya kabla ya vipasha joto, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari ni nyuzi 30, na katika joto hilo mvinyo wa asilimia 15 hutoa mvuke wa kilevi unaochoma pua na kufunika kila kitu kingine. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Watu watakucheka. Wape glasi mbili, moja iliyopoa na moja isiyopoa, kicheko kitaisha.

Mimina kidogo, theluthi ya glasi au pungufu, uizungushe, kisha unuse kabla ya kutafuta maneno. Maneno hudanganya. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, akiwemo Frédéric Brochet, walichapisha jaribio ambapo wanafunzi 54 wa masomo ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yamekwisha kuamua. Wapo wanaotumia jaribio hilo kusema kuonja mvinyo ni utapeli mtupu. Mimi naona linatufundisha tu kuifunika chupa. Uifunge kwa gazeti au mfuko wa karatasi, mtu mwingine amimine, na bei isitajwe mpaka mwisho. Watafiti wa California nao walionyesha mwaka 2008 kwamba mvinyo uleule huonekana mtamu zaidi mnywaji akiambiwa ni wa bei ghali, na hata ubongo wake huitika hivyo.

Geyserville changa, ya miaka miwili au mitatu, hunukia forosadi zilizoiva sana, zambarau, pilipili manga na vanila. Ukitulia utapata pia nazi. Hiyo haikutoka kwenye zabibu. Ridge hutumia zaidi mapipa ya mwaloni wa Kimarekani, na mti huo una kemikali zinazonukia nazi kuliko mwaloni wa Ufaransa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba zinazokunwa nazi kila siku huitambua kabla ya mtaalamu wa London, ambaye naye atakuwa anahangaika na majina ya matunda ya kwao. Usione haya kutumia pua uliyolelewa nayo. Ukisema ukwaju, na kweli kuna ukwaju, umesema sawa.

Kisha weka mdomoni na usimeze haraka. Mambo matatu yapimwe, na kila moja lina mahali pake. Uchachu huita mate pande mbili za ulimi: ukishameza, hesabu taratibu uone mate yanakuja kwa muda gani. Ukakasi wa tanini hukausha ufizi na mashavu, kwa sababu tanini hushikamana na protini za mate na kuuondolea mdomo utelezi wake. Kilevi huchoma koo baada ya kila kitu kupita. Tunda, lile linalosifiwa na kila mtu, liache liende zake, uangalie kinachosimama likishaondoka. Kama kinachobaki ni moto wa kooni pamoja na utamutamu, chupa hiyo inywe mwezi huu, na nyama choma ya mbuzi itaisaidia. Kama kinachobaki ni mate yanayotiririka na ukakasi laini wenye chembe ndogo, usio mchungu, hapo pana kitu cha kusubiri. Anayetaka kuonja chupa nyingi kwa kikao kimoja ateme. Wataalamu wote hutema, na hakuna anayewaona hawana adabu.

Kipimo kingine ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji utaalamu. Kunywa nusu ya chupa, rudisha kizibo, iache kwenye friji, onja kesho jioni ikiwa imerudi kwenye ubaridi wa kawaida. Hewa iliyoingia hufanya kwa haraka na kwa ukali sehemu ya kazi ambayo miaka ingeifanya polepole. Si sawasawa na kukomaa kwenye chupa, kemia yake inatofautiana, lakini mvinyo unaosambaratika kwa usiku mmoja hauniahidi muongo mmoja.

Na ndani ya chupa iliyolazwa hutokea nini? Chembe za rangi nyekundu, zile zilizotoka kwenye maganda, huungana na tanini na kuwa minyororo mirefu zaidi. Ukakasi hupungua makali. Zambarau ya ujana hugeuka wekundu, halafu rangi ya tofali ukingoni mwa glasi. Minyororo mingine huwa mizito, ikashindwa kuelea, ikazama kama mashapo. Kizibo cha gome la mti hupitisha oksijeni kwa kiasi kidogo mno, na harufu za matunda mabichi huacha nafasi kwa tende, ngozi, tumbaku, majani makavu na uyoga. Uchachu haubadiliki sana. Kilevi hakipungui hata kidogo.

Hilo la mwisho ndilo wauzaji hawalisemi. Watu hudhani mvinyo mzito ndio utakaoishi, kwamba nguvu ya leo ni akiba ya kesho. Lakini kinachopungua kwa miaka ni tunda, na kilevi kinabaki palepale. Mvinyo wa asilimia 15.5 uliojengwa juu ya tunda pekee ukifika mwaka wa kumi huwa umevuliwa nguo: moto kooni, utamu wa zabibu kavu, basi. Kinachobeba miaka ni uchachu na tanini iliyoiva, navyo vinaweza kuwemo kwenye mvinyo mzito au visiwemo. Ukubwa peke yake haukuambii lolote.

Historia ina ushahidi. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier alikusanya waamuzi wa Kifaransa jijini Paris waonje mivinyo ya California na ya Ufaransa bila kuona lebo. Kwa mivinyo myekundu, Stag's Leap ya 1973 kutoka Napa iliwashinda wakubwa wa Bordeaux. Monte Bello ya 1971 ya Ridge, iliyotoka milimani juu ya Cupertino, ilishika nafasi ya tano. Wafaransa walijitetea haraka: mivinyo ya California hupendeza ikiwa michanga, ngojeni izeeke mtaona. Wakangoja. Mei 2006, miaka 30 baadaye, mivinyo ileile myekundu ilionjwa tena London na Napa kwa wakati mmoja. Iliyoibuka ya kwanza ni Monte Bello 1971, na nafasi zote tano za juu zilikwenda California.

Ushindi huo hunukuliwa na kila muuzaji wa chupa nzito. Hawaongezi kwamba Monte Bello hiyo ilikuwa na kilevi chini ya asilimia 13. Ilitengenezwa na Paul Draper, mtu aliyesoma falsafa Stanford na aliyejifunza kazi ya mvinyo kwa mikono nchini Chile kabla ya kujiunga na Ridge mwaka 1969. Shamba liko juu, kuna ubaridi, udongo una chokaa chini yake, na zabibu zilivunwa zikiwa na uchachu wa kutosha. Kuitumia chupa hiyo kuthibitisha kwamba mvinyo wa leo wa asilimia 15.8 kutoka bondeni utaishi miaka 35 ni kuchukua cheti cha babu kuombea kazi ya mjukuu.

Kwa hiyo ushauri wangu una ubaguzi. Michanganyiko ya mtindo wa The Prisoner na wafuasi wake inywe ndani ya miaka mitatu hadi mitano; imetengenezwa kwa ajili hiyo, na kuilaza ni kuinyima haki yake. Geyserville ya mwaka mzuri hufika miaka kumi bila wasiwasi, na Carignane iliyomo ina sehemu kubwa ya sifa hiyo kuliko watu wanavyoitambua. Mchanganyiko wenye Petite Sirah nyingi huweza kwenda mbali zaidi, ingawa tanini yake nyingine ni ngumu kiasi kwamba tunda huisha kabla haijalainika. Insignia na wenzake wa jamii ya Bordeaux huvuka miaka 20, kwa mwenye subira na kipato.

Mahali pa kulaza ni shida kwa msomaji wa pwani, na sitaipamba. Mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 14, giza, utulivu na unyevu wa wastani, chupa ikiwa imelala ili kizibo kisikauke. Kabati la sebuleni lenye nyuzi 28 halikomazi mvinyo, linauchemsha polepole: mabadiliko yanakwenda mbio, tena si yaleyale. Friji ya jikoni ni baridi mno na kavu, ila kwa miezi michache ni afadhali kuliko kabati. Asiye na friji ya mvinyo, au ndugu mwenye chumba cha baridi kule Limuru au Lushoto, anunue anachokusudia kunywa mwaka huo. Tena aangalie dukani chupa ilikosimama: iliyokaa dirishani juani imekwisha kuzeeka, haidhuru lebo inasema mwaka gani. Kizibo kilichochomoza juu ya mdomo wa chupa ni dalili kwamba joto limekwisha kupita humo.

Chupa iliyokaa miaka kumi isimamishwe wima siku moja kabla ya kufunguliwa ili mashapo yakae chini. Kizibo cha zamani hukatika, kwa hiyo zungusha taratibu na usikivute kwa hasira. Mimina mfululizo kwenye jagi safi la kioo, taa ikimulika shingo ya chupa, na usimame pale utepe mweusi wa mashapo unapofika shingoni. Changa ipewe saa moja au mbili kwenye jagi. Kongwe inywe mara moja, harufu zake hazingoji wageni waliochelewa. Ukikutana na harufu ya maboksi yaliyoloa au stoo iliyofungwa masika nzima, usidhani ndiyo uzee unaosifiwa. Hiyo ni TCA, kasoro inayotoka kwenye kizibo, na haiponi hata ukisubiri mpaka asubuhi.

Nikiombwa ushauri na mwenye pesa kidogo na hamu kubwa, humwambia anunue chupa sita za mvinyo mmoja wa mwaka mmoja, wala asitafute sita tofauti. Ya kwanza aifungue mwezi uleule, aandike mistari mitatu kuhusu uchachu, ukakasi na moto wa koo. Ya pili baada ya miaka miwili, na kuendelea hivyo, kila safari akisoma alichoandika baada ya kuonja, siyo kabla. Ya tatu ikiwa tamu kuliko ya pili, asubiri. Ya nne ikianza kushuka, achinje mbuzi, aite watu, na mbili zilizobaki ziishe usiku huohuo.